Samaki wa Mto Kafue baada ya bwawa la topesumu kubomoka: pH imerudi sawa, haya, na samaki je?

Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la topesumu la mgodi wa Sino-Metals Leach, pale Chambishi kwenye mkoa wa Copperbelt nchini Zambia, ulibomoka. Taarifa za mwanzo zilisema zimetoka lita milioni 50 za maji machafu yenye asidi kali na metali nzito, yakaingia kwenye kijito, kijito kikamwaga Mto Mwambashi, Mwambashi nao ukamwaga Kafue, ambao ndo mto wao mkubwa Wazambia, unatembea zaidi ya kilomita 1,500 ndani ya nchi hiyohiyo moja kabla ya kukutana na Zambezi. Kama asilimia 60 ya Wazambia wanaishi kwenye bonde la mto huu. Kitwe, mji wa watu 700,000 hivi, ukakatiwa maji ya bomba. Na samaki waliokufa wakaanza kuonekana wakielea na kutupwa ukingoni, hadi kilomita 100 chini ya pale tukio lilipotokea.

Walioongelea hii ishu wengi wameongelea kampuni, fidia, Wachina na siasa, na kiukweli kuna mengi ya kuongea hapo. Mimi nataka nikae na samaki tu. Maana kwenye kelele zote zile samaki alitumika kama picha ya kuanzia habari, anaelea tumbo juu, afu habari inahamia kwa watu, na hakuna aliyerudi kuuliza yule ambaye hakuelea yuko kwenye hali gani.

Kwanza kwa nini tope lenyewe lilikuwa la asidi, kwa sababu si kila bwawa la mgodi liko hivyo. Migodi ya aina hii inatoa shaba kwa kuiyeyusha: mawe yanasagwa, yanaloweshwa kwenye asidi ya salfa, shaba inayeyuka, inakamatwa, inageuzwa kuwa mabamba yale yanayopita Tunduma kwenye malori kwenda bandari ya Dar. Kinachobaki ni tope ambalo bado lina asidi ndani yake, pamoja na vitu vingine vyote ambavyo asidi ilivichukua humo njiani bila kuchagua: chuma, alumini, manganizi, zinki, na shaba iliyoponyoka. Kwa hiyo kilichoingia mtoni pale hakikuwa tope la udongo wa kuchafua tu maji yakawa ya kahawia, zilikuwa metali zilizokwisha kuyeyuka, na metali iliyoyeyuka ndo inayomuumiza samaki kuliko ile iliyojishikilia kwenye chembe ya mchanga. Watu wengi wanachanganya hapa. Ukichukua kokoto lenye shaba ukalitupa kwenye tenki la perege hakuna kitakachotokea leo wala kesho, ila shaba hiyohiyo ikiwa imeyeyuka, kiasi ambacho macho hayaoni wala ulimi hauonji, inaua tenki zima.

Sasa inauaje. Samaki wa maji baridi ana tatizo ambalo analo toka anatotolewa hadi anakufa: damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Kwa hiyo muda wote, usiku na mchana, maji yanamwingia na chumvi inamtoka, na sehemu kubwa ya huo mchezo inafanyika kwenye mashavu, maana pale ngozi ni nyembamba sana ili oksijeni ipite. Ni kama mtumbwi unaovuja, na ndani yuko mtu mmoja anayechota maji na kumwaga nje bila kupumzika, mtumbwi hauzami kwa sababu yeye hachoki. Huyo mtu ni seli maalumu za kwenye mashavu zinazokamata chumvi kidogo iliyopo kwenye maji ya mto na kuirudisha mwilini. Asidi ikija inang'oa kalisiamu iliyoshikilia seli moja na nyingine, nafasi zinafunguka, chumvi inavuja kwa kasi. Shaba ikija inakaa palepale kwenye ile pampu na kuizuia isifanye kazi. Asidi imepanua tundu, shaba imemfunga mikono anayechota. Chumvi ya damu inashuka, maji yanahama kutoka kwenye damu kuingia kwenye misuli, damu inakuwa nzito, moyo unashindwa kuisukuma. Haya yote ni masaa, si siku.

Juu ya hapo samaki anajitetea kwa kutoa ute, na ute ukiwa mwingi unaziba mashavu yenyewe, oksijeni haipiti, kwa hiyo anakufa kwa kukosa hewa kwenye maji yenye hewa ya kutosha. Na alumini ina kituko chake, inapokuwa kwenye maji ya asidi imeyeyuka, ikifika pale maji machafu yanapokutana na maji safi ya mto mkubwa pH (kile kipimo cha asidi, ikipanda ujue asidi imepungua) inapanda, inaganda, na mara nyingi inagandia kwenye mashavu ya samaki aliyeko hapo. Ndo maana kwenye matukio ya aina hii pale mito miwili inapokutana panaweza kuwa pabaya kuliko mtu anavyotegemea, yaani maji yameshaanza kupoozwa ila samaki ndo anazidi kuumia.

Hapa nitoke nje ya Kafue kidogo, kwa sababu wengi mtakuwa mnakumbuka Mto Mara, Machi 2022, maji meusi yananuka, samaki wanaelea, na kamati ya serikali ikaja na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe vimemaliza oksijeni. Mitandaoni watu walicheka hadi basi, na sababu ya kutoamini ilikuwepo, mgodi wa North Mara ulishapigwa faini ya shilingi bilioni 5.6 na NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, mwaka 2019 kwa ajili ya hilohilo suala la topesumu. Sifufui ubishi ule. Ninachotaka kusema ni kwamba samaki wenyewe huwa wanatoa ushahidi ukiwaangalia vizuri siku ile ile, na ni ushahidi ambao mvuvi anaweza kuuona bila maabara. Samaki waliokufa kwa kukosa oksijeni kwa kawaida wanakufa usiku wa manane kuelekea alfajiri, wanaonekana kwanza wakihema juu ya maji, wakubwa wanatangulia, na kambare mara nyingi anabaki mzima, maana kambare ana kiungo juu ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja, yeye akiona maji hayana oksijeni anapanda tu anapiga pumzi anarudi chini. Samaki waliouawa na asidi na metali hawachagui saa, vifo vinafuata maji machafu yanavyoshuka mtoni, wadogo na wakubwa kwa pamoja, mashavu yamejaa ute na yamepoteza ule wekundu wake, maji yanaweza kuwa hata hayanuki. Na hapo kile kiungo cha kambare hakimsaidii kitu, kwa sababu shida si hewa. Ukikuta kambare kibao wamekufa sehemu moja na perege, anza kufikiria sumu. Kambare mmoja mmoja si ushahidi, ila kundi zima ni ushahidi.

Kwa Kafue haikuhitajika kupiga ramli, chanzo kilikuwa kinaonekana kwa macho. Serikali ya Zambia ikafanya kitu ambacho kwa kweli kilikuwa sahihi: wakaita jeshi la anga, ndege zikamwaga chokaa mtoni, mamia ya tani, na boti ziendazo kasi nazo zikawa zinapanda na kushuka zikimwaga chokaa. Kuna waliobeza hii, ooh wanaongeza kemikali juu ya kemikali. Hapana. Chokaa inafanya mambo mawili ya maana kwa samaki. Inapandisha pH, na inaongeza kalisiamu kwenye maji, na kalisiamu ndo ileile iliyong'olewa kwenye mashavu, maji yenye kalisiamu nyingi yanamkinga samaki kwa kiasi dhidi ya shaba na zinki kwa sababu vinagombania mlango mmoja. Kama ningekuwa mimi mwenye ndege ningemwaga pia.

Lakini chokaa haiondoi metali. Hili ndo jambo lote nililokujia hapa. pH ikipanda, shaba iliyokuwa imeyeyuka inaganda, inageuka kuwa chembe nyepesi, chuma nacho kinaganda na kutengeneza mabonge laini ya rangi ya kutu yanayobeba metali nyingine, na vyote vinazama. Maji yanakuwa masafi. Ukichota glasi ukapeleka maabara utapata namba nzuri. Ila gramu ya shaba iliyokuwa kwenye maji asubuhi jioni iko kwenye matope, haijaenda popote, imeshuka tu. Na si zote zinazoshuka kwa pH ya kawaida, manganizi na kadimiamu zinahitaji pH ya juu zaidi, kwenye 9 hadi 10 huko, ambayo huwezi kuupeleka mto mzima bila kuua samaki kwa upande wa pili. Kwa hiyo sehemu yake inaendelea kusafiri na maji.

Songa mbele hadi Agosti 2025. Ubalozi wa Marekani unatangaza kuwaondoa watumishi wake Kitwe na maeneo ya jirani kwa sababu ya wasiwasi wa uchafuzi. Kampuni ya mazingira ya Afrika Kusini, Drizit, ambayo ililetwa na mgodi wenyewe kufanya tathmini, inasema kilichotoka ni tani milioni 1.5 za takataka zenye sumu, na ndani yake kuna sayanaidi, aseniki, shaba, zinki, risasi, kromiamu na kadimiamu. Mgodi unapinga. Ukipiga hesabu, lita milioni 50 ni kama tani 50,000, kwa hiyo kati ya namba ya kwanza na hii ya pili kuna tofauti ya mara 30. Hiyo si tofauti ya kupima vibaya, ni watu wawili wanaoongelea matukio mawili tofauti. Na serikali inajibu kwamba hakuna sababu ya hofu, pH imerudi kawaida na kiwango cha metali kwenye maji kinaendelea kushuka.

Nawaamini kwenye namba hiyo ya pH, kabisa, na hata kwenye metali kupungua majini siwabishii. Mto unaotembea, wakati wa mvua, umemwagiwa chokaa, ungeshangaa pH isingerudi. Tatizo ni kwamba pH ni jibu la swali la bomba, mtu wa Kitwe anayetaka kujua kama maji ya mto yanaweza kuingia kwenye mtambo yakasafishwa akanywa. Samaki hajauliza swali hilo. Samaki anaishi mle saa 24, analala kwenye matope, anakula kutoka kwenye matope, anataga juu ya matope, na anachovumilia yeye na unachovumilia wewe ni vitu ambavyo havikaribiani hata kidogo.

Mfano wa shaba. Shirika la Afya Duniani linakubali maji ya kunywa yawe na shaba hadi miligramu 2 kwa lita, na mtu hadhuriki. Kuna utafiti uliofanyika Marekani kwa samoni wachanga, ukachapishwa 2007, waliwekwa kwenye maji yenye shaba kwa masaa matatu tu. Kwenye mikrogramu 2 kwa lita, yaani sehemu moja ya elfu ya kiwango kile cha binadamu, pua zao zikaanza kufeli. Ndio, samaki ana pua na anaitegemea kuliko sisi. Samaki mmoja akijeruhiwa ngozi yake inatoa kemikali ambayo wenzake wakiinusa wanatulia au wanakimbia, ni kengele ya hatari. Wale samoni waliendelea kuogelea kama hakuna kitu. Hawakufa, hawakuelea, ukiwaangalia ni wazima, ila akija wa kuwala wanaliwa. Samoni si perege, na maji ya maabara yale yalikuwa laini, hayana kalisiamu nyingi, kwa hiyo usichukue namba hiyo ukaipachika Kafue kama ilivyo. Ila uelekeo ndo huo: maji ambayo wewe unayaita salama kwa kunywa yanaweza kuwa yanamfanya samaki kipofu wa pua, na ripoti ya ubora wa maji itasoma vizuri kabisa.

Nyie mnaofuga samaki mnajua ukimweka samaki kwenye maji yenye metali kidogokidogo anakula ila haongezeki. Ini lake linatengeneza protini maalumu ya kushika metali na kuzifungia zisizurure mwilini, ni kinga nzuri, ila ina gharama, chakula kilichotakiwa kujenga nyama kinaenda kujenga hiyo protini na kukarabati mashavu. Kadimiamu ndo mbaya zaidi kwa hapa, mwili hauna kazi nayo na hauna njia nzuri ya kuitoa, inajirundika kwenye figo na ini, na kwa kuwa inaingilia njia za kalisiamu inamharibia mambo ya mifupa na mayai. Risasi inaenda mifupani na kwenye magamba, na kwa baadhi ya samaki ikizidi mkia unakuwa mweusi na uti wa mgongo unapinda. Shaba na zinki mwili unazihitaji kidogo kwa hiyo una namna ya kuzidhibiti, hadi pale zinapozidi uwezo.

Na sasa tarehe. Zambia wana msimu wa kufunga uvuvi, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa sababu ndo miezi samaki wanazaliana, mvua imenyesha, mto umejaa na kumwagika kwenye mabonde ya nyasi. Bwawa limebomoka tarehe 18 Februari. Yaani wavuvi wamekaa miezi zaidi ya miwili nyumbani na nyavu zao, kwa amri ya serikali, ili samaki wazaliane kwa amani, afu zikiwa zimebaki siku 10 uvuvi ufunguliwe asidi inashuka mtoni. Mimi nikiangalia kisa hiki chote hapa ndo nasikia hasira, kuliko hata kwenye zile tani milioni 1.5.

Kwa sababu samaki wachanga ndo wanaoumia zaidi. Kifaranga cha samaki aliyetotolewa juzi mashavu yake hayajakomaa, anabadilishana chumvi na maji kwa ngozi nzima ya mwili, kwa hiyo kila sehemu yake ni mlango. Perege wa Kafue, wale wa madoa matatu ubavuni ambao Wazambia wanajivunia nao na wanafugwa pia, dume anachimba kiota chini kwenye matope kwa ajili ya kumvuta jike, jike anataga, anayazoa mayai mdomoni na kukaa nayo humo hadi yatotolewe. Fikiria anapitisha maji mdomoni muda wote kuyapa mayai oksijeni, na maji hayo yametibuliwa na dume anayechimba matope yaleyale ambayo chokaa imeyapelekea shaba. Kambare yeye anapanda kwenye mafuriko ya nyasi pembeni ya mto kutaga, na mafuriko ya mwezi wa pili na wa tatu ndo yaliyotandaza lile tope pembeni. Wanaosema mvua ilisaidia kupunguza makali wako sahihi kwa mto wenyewe, ila mvua ileile ndo iliyobeba uchafu ikaupeleka kwenye chumba cha uzazi.

Na matope hayatulii. Mafuriko ya msimu unaofuata yanayachimbua, sehemu maji yanapokosa oksijeni chini kabisa chuma kinayeyuka tena na kuachia kilichoshikilia, na ule mwanzo wa mvua, mvua ya kwanza inayoosha kingo zilizokauka na tope juu yake, inaweza kuleta kipande kidogo cha tukio lilelile upya. Wachimbaji wadogo wa mchanga nao wakiingia hapo wanakoroga. Minyoo na mabuu ya wadudu wanaoishi kwenye matope wanakula metali, kambare anawala hao.

Kafue si mgeni wa haya mambo, na hili linafanya iwe ngumu kusema kipi cha 2025 na kipi cha zamani. Copperbelt imechimbwa kwa takriban miaka 100. Miaka ya 1990 watafiti waliweka perege wa madoa matatu kwenye vizimba sehemu mbalimbali za mto huu, juu ya eneo la migodi na chini yake, kwa wiki mbili tu, na waliokuwa chini ya migodi walitoka na metali nyingi mwilini kuliko wenzao wa juu, na hapo hakukuwa na bwawa lililobomoka, ilikuwa siku ya kawaida. Novemba 2006 bomba la tope la Konkola Copper Mines kule Chingola lilipasuka, mto huuhuu, maji ya mji yakakatwa, watu 2,000 wakaenda mahakamani na 2011 Mahakama Kuu ya Zambia ikawapa haki. Baadaye wanakijiji wengine wakaishtaki kampuni mama, Vedanta, huko London, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua Aprili 2019 kwamba kesi inaweza kusikilizwa kule, ikaisha kwa makubaliano 2021. Miaka yote hiyo. Kesi zile zilikuwa za watu, maji yao, mashamba yao, uvuvi wao, na ni sawa. Samaki aliingia kama hasara ya mvuvi, si kama mgonjwa.

Ukivuka tu mpaka kaskazini hadithi inabadilika lugha lakini kemia ni ileile. Kafue unaanzia karibu na mpaka wa Congo, na upande wa pili wa kilima maji yanaelekea Lufira, kwa watu wa Likasi, Waswahili wenzetu wa Katanga, na kule kuna ziwa Tshangalele lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha, ambalo kwa miongo mingi limepokea maji ya viwanda vya shaba na kobalti vya Likasi. Samaki wa ziwa lile wanauzwa sokoni na watu wanakula, na waliopima wamekuta kobalti na wenzake kwenye samaki. Tofauti ni kwamba Tshangalele haikubomoka siku moja, kwa hiyo haikuwahi kupata picha ya samaki wanaelea, na bila picha hiyo habari haiendi mbali.

Swali ambalo naulizwa kila nikigusa hii mada: sasa tule au tusile? Samaki uliyemkuta amekufa anaelea usile, usimkaushe, usiuze, hata kama anaonekana mbichi, mengine yote ni maelezo. Kwa samaki aliyevuliwa mzima, metali nyingi za aina hii zinakaa kwenye ini, figo, mashavu na mifupa kuliko kwenye mnofu, kwa hiyo anayekula mnofu wa perege mkubwa aliyetolewa matumbo yuko mbali na hatari kuliko anayekula vidogo vizima na matumbo yake, na kwetu vidogo vizima ndo mboga ya kila siku. Kukaanga, kubanika, kuosha kwa ndimu na chumvi havitoi metali, vinatoa shombo. Na watu waache kuleta habari za zebaki kwenye kila kisa, zebaki ni ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, inafanya kazi tofauti kabisa, yenyewe inapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa na inakaa kwenye mnofu. Ushauri wa zebaki ukiuleta kwenye shaba utawaambia watu waache samaki mkubwa wale mdogo mzima, na hapo umewapeleka pabaya zaidi.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama samaki wa Kafue wamepona, glasi ya maji mwambieni aiweke pembeni. Achote matope, kwenye kona maji yanapotulia na kwenye mabonde ya nyasi, mwishoni mwa kiangazi mto ukiwa chini na tena baada ya mvua ya kwanza. Apasue samaki, apime ini na figo na mashavu, si mnofu peke yake, na aweke wa juu ya Mwambashi pembeni kwa kulinganisha, maana bila wa juu namba haina maana kwenye mkoa ambao ardhi yenyewe ina shaba. Avirudie vile vizimba vya miaka ya 1990, ni kazi ya wiki mbili na nyavu na perege kadhaa, haihitaji mfadhili mkubwa.

Na kuna kipimo kingine ambacho wavuvi wanacho mikononi, hawahitaji ruhusa ya mtu. Perege waliozaliwa msimu wa mvua wa 2024 kwenda 2025 wakikua wanakuwa kundi la saizi moja, kila mwaka mpya wa samaki unaonekana hivyo kwenye nyavu, wanapita kwenye macho ya nyavu ya kwanza, afu ya pili. Kundi hilo linatakiwa lianze kuingia kwenye nyavu kwa wingi mwaka mmoja hadi miwili baadaye. Kama kwenye mialo iliyo chini ya Mwambashi wanapima samaki wao kwa rula na kuandika kwenye daftari, na kama mialo iliyo juu wanafanya hivyohivyo, wataona wenyewe kama saizi hiyo ipo au kama kuna pengo kati ya wadogo wa mwaka huu na wakubwa wa zamani. Pengo likiwepo chini na juu lisiwepo, hapo hakuna msemaji wa serikali wala wa mgodi atakayeweza kulijibu kwa pH.